Upana wa Gari Moja

Mke wangu ni mtu wa kulala garini. Simsengenyi, amenisikia nikilisema mbele ya wageni na hucheka. Tangu tuoane, nikiwasha pikapu pale kwetu Noonkopir, mtaa wa Kitengela, asubuhi, yeye hufunga mkanda, hulalamika kuhusu vumbi la dashibodi, huniuliza kama nimefunga geti, na kabla hatujapita Kisaju kichwa chake kimeshaegemea kioo. Tukifika Kajiado huamka, akajifuta mdomo na kuuliza mbona tumechelewa. Kwa miaka mingi niliona ni udhaifu mdogo wa mwanamke anayeamka alfajiri kulisha kuku. Sikujua kwamba kila safari nilikuwa napewa kitu.

Kazi yetu ni mayai. Tunafuga kuku nyuma ya nyumba, na mayai yetu yakipungua tunaongezea ya majirani. Kila Alhamisi tunapakia trei nyuma ya pikapu na kushika Barabara ya Namanga kuwapelekea wateja wetu wa Kajiado. Mimi ni mtoto wa Ukambani, nimekulia mahali ambapo gari likipita tuliacha majembe tukalitazama mpaka vumbi liishe. Nilipoweza kununua langu, ingawa lilikuwa limezeeka kabla ya kunifikia, nililiendesha kwa heshima. Hasira za haraka ninazo, hilo sikatai. Dereva akinipigia honi kana kwamba mimi ndiye niliyeleta foleni ya Kitengela, hunitoa maneno yasiyofaa kusikiwa na watu ninaoimba nao kwaya. Ila mkono wangu kwenye usukani ulikuwa mtulivu kuliko mdomo wangu.

Siku tuliyopinduka ilikuwa Alhamisi kama zile nyingine. Tulikuwa tumeshapita Isinya, mke wangu amelala. Trela likaanza kunipita upande wa kulia. Nililiona kwenye kioo, nikapunguza mwendo ili limalize upesi. Mara basi likatokea mbele likija upande wetu, na trela, likiwa bado ubavuni mwangu, likaanza kurudi kushoto kana kwamba mimi sipo. Nikaona magurudumu yake yanakuja dirishani. Nikakata usukani, tukaacha lami, changarawe ikaniponyoka chini ya matairi, tukabiringika. Trela halikusimama. Wachungaji waliokuwa karibu walikuja mbio wakatutoa, na Mungu awabariki popote walipo. Nilivunjika bega. Mke wangu alitoka na michubuko na shingo iliyomuuma kwa muda. Kuhusu mayai tusiongee.

Bega lilipona. Pikapu ilinyooshwa na fundi, ikapakwa rangi iliyokaribia ile ya kwanza. Kilichokataa kupona hakikuonekana kwenye picha yoyote ya hospitali. Nilikuwa naweza kukaa kwenye usukani, kuwasha, kuondoka, na mambo yakaenda vizuri mpaka kitu chochote kije upande wangu wa kulia. Hapo mikono ilikata kushoto yenyewe, bila kuniuliza. Mara ya kwanza niliingiza gurudumu kwenye mtaro nikimkimbia mtu wa bodaboda aliyebeba godoro. Alisimama akanitazama kwa huruma, akaendelea na godoro lake. Mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Shuka tu, mzee. Nitaendesha."

Akaendesha. Aliamka alfajiri kulisha kuku, akapakia trei, akashika usukani mpaka Kajiado na kurudi, akafika nyumbani macho mekundu na bado kuna vyombo vya maji vya kuku vya kuoshwa. Mimi nilikaa kwenye kiti chake, mguu ukikanyaga breki isiyokuwepo. Siku moja nilimwomba aegeshe kando pale Isinya, afumbe macho kidogo, tuna muda. Akatikisa kichwa. "Nikifunga macho kwa gari naona tu tumepinduka," akasema. "Kwa gari siwezi tena." Alilisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine. Sikutaka pikapu mpya wala kuku zaidi. Nilitaka nimwendeshe mke wangu mpaka alale.

Msaada ulitoka mahali ambapo nisingeutafuta. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, hufunga mitambo ya intaneti, na alipohamishiwa kazi Mombasa alituachia kitu ambacho hakikuweza kuingia kwenye basi. Kilikuwa kiti cha gari kuukuu kilichochomelewa kwenye fremu ya vyuma, mbele yake usukani, chini pedali, na juu skrini kubwa. Kwa kiti hicho alikuwa akishindana mbio za magari na watu walio nchi nyingine, kila mtu akiwa nyumbani kwake. Tulikiweka kwenye chumba cha wageni. "Shem, usiwache ishike vumbi," aliniambia kwenye simu. "Na hapo hakuna mtu amewahi kuumia."

Niliona aibu. Mwanamume mwenye mvi kucheza mchezo wa kompyuta! Lakini mke wangu hakuniachia nafasi ya kuona aibu kwa muda mrefu. "Yenye iko nje umekataa," akasema akiwa mlangoni na ndoo ya chakula cha kuku. "Basi endesha yenye iko ndani."

Shemeji akaniingiza kwenye ligi yake. Ilikuwa na watu wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokutana kila Jumamosi alasiri, wakisikilizana kwa hedifoni. Nilitarajia kukuta vijana wa kugongana na kutukanana. Nikakuta watu wenye adabu kuliko kamati yoyote niliyowahi kukaa, na za kanisa nimezihesabu humo. Kabla ya mbio kila mtu alisema hali ya umeme na intaneti kwake: stima iko, neti iko. Mwenye neti mbovu, ambaye gari lake lingekuwa linarukaruka kwenye skrini za wenzake, alisema mwenyewe, "Leo mimi ni hatari," akaenda kukaa mkiani ili asimharibie mtu. Hebu fikiria dereva wa Barabara ya Namanga akitangaza hivyo. Aliyempita mwenzake kwa kukata kona juu ya nyasi alipunguza mwendo na kumrudishia nafasi yake bila kusubiri kuambiwa. Aliyemgonga mwenzake kwa bahati mbaya alisimama kumngoja mpaka arudi barabarani, hata kama dunia nzima inawapita. Na kulikuwa na sheria ambayo shemeji alinisomea kwa simu nikamwomba anisomee tena: mwenzako akishafika ubavuni mwako mnapoingia kona, ni haki yake umwachie upana wa gari moja. Huna ruhusa ya kufunga mlango, yaani kumbana kwa gari lako mpaka akose njia. Nilibaki na simu sikioni, nikiwaza ile lami ya baada ya Isinya.

Baada ya mbio kulikuwa na kikao cha malalamiko. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwalimu wa hesabu, mkazi wa Kajiado, mwenye sauti ambayo haikuwahi kuhitaji kupanda. Kikao chake kilikuwa na desturi ambayo sijaikuta mahali pengine. Mlalamikaji hakuruhusiwa kueleza alivyotendewa. Alirudishiwa picha za video za mbio, lakini zikiwa zimepigwa kutoka gari la yule anayemlalamikia, na ilimbidi asimulie tukio lote kana kwamba yeye ndiye yule mwingine. "Keti kwa kiti chake," mwenyekiti alisema. Kisha mlalamikiwa naye alikaa kwenye kiti cha mlalamikaji akasimulia. Uamuzi ulikuja baada ya hapo, na mara nyingi hakukuwa na la kuamua.

Tuliitana kwa namba za magari. Mimi nilikuwa Arobaini na Moja. Mtu niliyekuja kumlalamikia aliitwa Namba Saba, mfanyabiashara wa mifugo upande wa Oltepesi. Alitumia umeme wa jua, na siku za mawingu alikuwa anaaga mapema. Akiingia alisalimia kwa Kimaasai, "Sopa!" nasi sote tukaitika, "Ipa!" hata wale wa Kampala ambao hawakuwa na habari wanaitika nini.

Jumamosi hiyo nilikuwa naendesha vizuri kwa kipimo changu, yaani kulikuwa na watu nyuma yangu. Namba Saba akanifikia. Tukiingia kona ndefu akatokea kulia kwangu, na kufumba na kufumbua nilikuwa kwenye mchanga upande wa kushoto, gari limegeuka, wote wanapita. Damu ilinipanda. Trela la Isinya halikuwa na namba niliyoweza kuishika, lakini huyu namba yake ilikuwa imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa! Nilingoja kikao kama mtu anayengoja mwizi wake aletwe.

"Huyu mtu amenisukuma," nikaanza.

"Arobaini na Moja, bado," mwenyekiti akasema. "Keti kwa kiti chake kwanza."

Picha zikafunguka. Nikajiona kutoka garini mwake, gari langu dogo la bluu likiwa mbele. Nikasimulia kwa sauti ya kununa. "Mimi ni Namba Saba. Naona gari la Arobaini na Moja. Naenda kulia. Sasa niko ubavuni mwake. Tunaingia kona." Halafu nikanyamaza, kwa sababu kati ya gari lake na langu palikuwa na nafasi ambayo ungeegesha gari lingine. Yeye alikuwa amejibana ukingoni kabisa upande wake, matairi yanakanyaga nyasi, ili mimi nipate barabara.

"Endelea," mwenyekiti akasema.

Nikaendelea, kwa kuwa ndiyo desturi. "Naona gari lake linakata kushoto lenyewe. Linaenda kwenye mchanga. Mimi sijamgusa."

Nilingoja kicheko. Kama ningekuwa mimi ninayesikiliza, ningecheka. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasema, "Saba, zamu yako. Keti kwa kiti chake."

Namba Saba akakohoa. "Mimi ni Arobaini na Moja," akasema polepole. "Naendesha vizuri. Gari imekuja hapa kulia yangu. Naogopa. Naogopa sana, kwa sababu... Hapo sasa sijui. Mzee, hapo unisaidie. Kuna mtu aliwahi kukuingilia kwa barabara?"

Niliwaambia. Niliwaambia watu wa nchi tatu ambao sikuwahi kuona sura zao jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata mchungaji wangu: trela, basi, magurudumu dirishani, mke wangu amelala, na mikono yangu ambayo tangu siku hiyo hainisikilizi. Nilipomaliza, mwenyekiti alisema anashukuru, na kama sina la kuongeza kikao kimefungwa. Nilikuwa navua hedifoni niliposikia sauti ya Namba Saba bado ipo.

"Mzee, mimi hupakia ng'ombe kwa lori kila wiki," akasema. "Yule mwenye anaogopa lori hatumsukumi. Tunamweka karibu na mwenye ametulia, wanakaa, wanakaa, siku moja anapanda tu. Wewe kuja Jumatano asubuhi. Tutatembea."

Kweli tulitembea. Jumatano asubuhi, kuku wakishakula, niliingia kwenye uwanja mtupu wa mbio, kwenye skrini, nikamkuta ananingoja. Hatukushindana. Alikuja kulia kwangu, mbali kidogo, akasema, "Niko kulia yako. Sitaki kupita. Nakaa tu." Tukazunguka hivyo, magari mawili kwa mwendo wa mtu anayetafuta anwani. Mikono ikikata kushoto alingoja nirudi, kisha akasema tena, "Niko kulia yako." Wiki zilipita, naye akawa anasogea kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja vioo vyetu vya pembeni vilikuwa vinakaribia kugusana na mimi nilikuwa namweleza bei ya chakula cha kuku. Nilishtuka nilipogundua. Yeye akasema tu, "Eeh, hata ng'ombe chakula imepanda."

Siku moja nilimuuliza kwa nini anapoteza asubuhi zake na mtu kama mimi. Akacheka. "Hawa wengine wote wanataka kunipita. Wewe ndio niko na wewe wa kutembea." Nilijua kuna wema ambao mtu huufanya halafu akakupa sababu itakayokuwezesha kuupokea bila kuinama. Sikubishana naye. Nilishukuru na bado nashukuru.

Jumamosi nazo zikabadilika. Namba Saba alikuwa akinikaribia katikati ya mbio anatamka, "Niko kulia, Arobaini na Moja." Mtu wa mbio hasemi hivyo, ukimwambia mwenzako unakuja anapata nafasi ya kukuzuia. Yeye alisema. Baada ya muda wengine wakamfuata. Dada mmoja wa Kampala alikuwa akinipita anasema, "Kushoto kwako, mzee, asante," kana kwamba ananipita kwenye benchi la kanisa. Haikuwa sheria ya ligi, na hakuna aliyewahi kuipigia kura. Nadhani katika ligi ile nzima hakuna aliyepitwa kwa heshima kama mimi, na niliendelea kumaliza karibu na mkia nikiwa na furaha ya mshindi.

Alasiri moja mke wangu aliniletea chai wakati kikao kinaendelea, na hedifoni zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo sauti zilitoka kwenye spika. Alisimama akasikiliza mtu akisimulia kosa lake akiwa kwenye kiti cha mwenzake. Kikao kilipokwisha akaniuliza ni kitu gani kile, nikamweleza. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha wageni.

"Haya, ile trela," akasema. "Keti kwa kiti chake."

Sikuwa tayari, lakini mke wangu hakuwa ananiuliza kama niko tayari. Nikamgeukia. "Mimi ni dereva wa trela," nikasema. "Niko juu. Mbele yangu kuna pikapu ndogo, na barabara iko wazi. Naanza kupita. Naona basi. Gari langu ni refu na siwezi kurudi nyuma. Kwenye basi kuna watu wengi. Nakata kushoto. Labda nimesahau kuna pikapu. Labda sijasahau."

"Na hukusimama."

"Sikusimama. Niliogopa kuona nimefanya nini."

Sisemi nilimsamehe siku hiyo. Hata leo ningefurahi kumpata mtu huyo kwenye kikao cha yule mama, hata kwa dakika chache. Lakini kwa mara ya kwanza trela lile lilikuwa na mtu ndani. Nilidhani tumemaliza, nikashika kikombe.

"Sasa keti kwa kiti changu," mke wangu akasema.

Nikarudisha kikombe chini. "Nimelala," nikasema.

"Endelea."

"Nimelala kwa sababu..." Nikajaribu tena. "Nimelala kwa sababu wewe ndiye unaendesha." Hapo nikashindwa. Nililia kwenye kile kiti cha mchezo, mikono kwenye usukani usioenda popote. Alikuja akashika bega langu, lile lililovunjika.

"Mimi sijawahi kukulaumu, hata siku moja," akasema. "Ni mwili tu. Wako umekataa usukani, wangu umekataa usingizi. Kunywa chai, inapoa."

Nilianza na barabara za vumbi za Noonkopir, Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado wanasalimiana kanisani. Kisha nikafika Kisaju na kurudi. Kila gari lilipokuja kulia kwangu nilisema kwa sauti, "Uko kulia, nimekuona," na mikono ikabaki mahali pake.

"Unaongea na nani?" mke wangu akaniuliza mara ya kwanza.

"Na yeye."

"Hakusikii."

"Najua."

Lakini tulipokuwa tunakaribia nyumbani niliona kidole chake kikielekea kwenye kioo. "Pikipiki, kulia yako," akasema. Tangu hapo akawa yeye anayenitangazia. Tulirudi Kajiado siku ya Alhamisi, mimi nikiendesha, yeye akiita njia nzima: lori kulia, basi kulia, huyu ana haraka mwache aende. Mkono mmoja ulishika kile kishikio cha juu ya mlango, na hakukiachia mpaka nizime injini. Wiki zilipita hivyo. Nilikuwa naendesha, na kwa hilo nilimshukuru Mungu kila nilipozima gari. Lakini yeye alishuka na macho yale yale mekundu. Nusu ya nilichotaka nilikuwa nimepata, na ile nusu nyingine ndiyo niliyokuwa naitaka zaidi.

Namba Saba nilikutana naye ana kwa ana katika kipindi hicho, sokoni Kajiado, alipoleta ng'ombe. Nilikuwa nimemfikiria kijana. Alikuwa mzee kunizidi, amevaa shuka na raba za kukimbilia, na alinishika mkono asiuachie kwa muda. Mke wangu alimshukuru mpaka mzee akaanza kutazama ng'ombe wake. Mke wangu alipoenda kutafuta nyanya, nilimwambia Namba Saba kwamba mimi naendesha lakini mke wangu halali.

"Yako imepona," akaniambia. "Ya mama usisukume. Endesha tu."

Kwa hiyo sikusukuma. Sikumwambia alale, sikumnunulia mto wa shingo nilioutamani dukani, sikumwuliza amechoka. Niliendesha tu.

Alhamisi ninayoikumbuka haikuwa na kitu cha kuitofautisha. Tulitoka Noonkopir, akafunga mkanda, akalalamika kuhusu vumbi la dashibodi, akaniuliza kama nimefunga geti. Kisaju akaniitia lori. Karibu na Isinya akaniitia pikipiki, kisha basi la shule. Tukapita Isinya. Pale mahali, ambapo mimi napajua hata kama hakuna alama, nikaona trela kubwa kwenye kioo likiwasha taa ya kuonyesha linataka kupita. Nilingoja aseme. Hakusema. Nikadhani ameogopa, maana hata mimi niliogopa.

Basi nikasema mwenyewe. "Uko kulia, nimekuona." Nikainua mguu, nikasogea mpaka karibu na mstari wa ukingoni, nikamwachia upana wake na mimi nikakaa kwenye wangu. Lilikuja, gurudumu baada ya gurudumu, jambo refu kuliko yote yaliyowahi kupita ubavuni mwangu maishani, na mikono yangu ikatulia. Mbele hapakuwa na gari. Lilipomaliza likarudi kushoto taratibu, mbali na mimi, likawasha taa za kushoto na kulia, kama wanavyofanya madereva wa masafa marefu wanaposhukuru.

Niligeuka kumwuliza mke wangu mbona hakuniitia.

Kichwa chake kilikuwa kwenye kioo. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Ule mkono uliokuwa ukishika kishikio ulikuwa umelala mapajani, kiganja juu.

Niliendesha kutoka hapo kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani. Machozi yalinitoka nikayaacha, kwa sababu kuyafuta kungenilazimu kuondoa mkono kwenye usukani. Magari yalijaa nyuma yangu, mtu mmoja akapiga honi mfululizo, na mimi, pamoja na mdomo wangu wote, sikutoa hata neno. Niliogopa nisije nikamwamsha mke wangu.

Kajiado niliegesha mbele ya duka la mteja wetu wa kwanza. Alitoka akipaza sauti kwamba leo watu wa Kitengela wamemsahau. Nikaweka kidole mdomoni. Akachungulia kupitia kioo cha upande wa pili, akaniangalia mimi na uso wangu ulioloa, akarudi kukaa kwenye kizingiti cha duka lake bila kuniuliza chochote. Mayai yakangoja. Jua likasogea mpaka likaingia dirishani, nikaning'iniza koti langu kwenye kioo, jua lisimpige usoni.

Baadaye akaamka. Akajifuta mdomo, akatazama nje, akaniuliza mbona tumechelewa.